Mvua Kaole, Theluji Kibo: Hatari ya Milima Yetu Wakati wa Masika

Masika yakishika kasi, ufuko wa Kaole hubadilika sura. Maji yakitoka, tope la mikokoni hung'aa mpaka mbali, na ukitazama kaskazini, ng'ambo ya mji wa Bagamoyo unakoingia Mto Ruvu, bahari haina tena rangi ya bahari. Ni ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyomwagwa ikatandaa.

Ngalawa zimevutwa juu. Wavuvi wamekaa chini ya banda la makuti, na mmoja wao ana simu mkononi: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, imetoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wa pwani. Hakuna anayebishana na simu. Leo hawatoki.

Takribani kilomita 400 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, unyevu ule ule wa Bahari ya Hindi umefika ukutani. Ukuta wenyewe ni Mlima Kilimanjaro. Chini, kwenye mashamba ya migomba ya Kilema na Machame, unashuka kama mvua. Msituni unashuka kama mvua na ukungu. Juu ya mita 5,000, usiku, unashuka kama theluji.

Wapo wapandaji watakaoamka saa sita usiku wa siku hiyo hiyo, wavae makoti, wawashe taa za kichwani na kuanza kuikanyaga. Wapo pia wakulima wa milima mingine, Hanang, Uluguru, Elgon, watakaolala huku mteremko ulio juu ya nyumba zao ukinywa maji saa baada ya saa. Mvuvi wa Kaole ameonywa. Je, hao wameonywa na nani?

Theluji iliyobishaniwa

Theluji ya Kilimanjaro iliingia katika maandishi ya Ulaya wakati wa masika. Ilikuwa tarehe 11 Mei 1848, pale mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alipoona kitu cheupe juu ya mlima na kuandika kwamba ni theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley hakukubali. Theluji karibu na Ikweta? Ubishi uliendelea kwa miaka.

Watu wa pwani walikuwa na maelezo yao. Rebmann alisimuliwa kwamba weupe ule ni fedha inayolindwa na mapepo. Alisikia pia kwamba mtawala wa Machame, Rengua, aliwahi kutuma watu wakauchunguze, na kwamba aliyerudi ni mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibika. Leo daktari yeyote akisikia habari za Sabaya atajua alichokutana nacho: baridi iliyogandisha nyama ya vidole. Huenda hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya ajali ya theluji katika ardhi yetu, na tumeifanya kuwa hadithi ya mapepo.

Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi mita elfu nne na ushee na kunyeshewa theluji wenyewe. Mwaka 1871 Charles New alifika ilipoanzia. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, kwa safari ambayo Watanzania wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kama mwongozaji wake. Mwaka uliofuata, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao misheni yao ya Bagamoyo ilikuwa imesimama tangu 1868, walifika mlimani na kufungua misheni ya Kilema. Ndivyo Bagamoyo na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, zilivyounganishwa na zaidi ya mawingu.

Meyer na mwenzake walilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu ili kuvuka ukingo wa kilele. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walishuka sehemu ya Kibo kwa mbao za kutelezea thelujini. Leo mpandaji anaweza kutoka kituo cha Stella, ukingoni mwa kreta, hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895, bila kugusa barafu hata kwa kidole.

> Kati ya 1912 na 2007, Kilimanjaro ulipoteza takribani asilimia 85 ya eneo lake la barafu.

Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2009 na timu ya Lonnie Thompson, mtafiti Mmarekani aliyetoboa barafu ya Kibo mwaka 2000 na kukuta matabaka ya chini kabisa yana umri wa zaidi ya miaka 11,000. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler iligawanyika vipande viwili. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya zinatarajiwa kutoweka ifikapo 2050.

Wasomaji wengi wameshasikia habari hizo kama huzuni ya mandhari: mlima wetu unapoteza kofia yake nyeupe. Zinazosikika kwa nadra ni habari za mawe.

Kiangazi mchana, baridi usiku

Katika milima ya Ulaya na Amerika Kaskazini, miezi ya Machi hadi Mei ni ya hatari ya aina yake. Theluji ya miezi mingi imelala mteremkoni. Jua la majira hayo linaipasha, maji yanapenya kati ya matabaka, kile kilichokuwa kimeshikana kinaachia, na upande mzima wa mlima unaondoka. Ndiyo maana waongozaji wa huko huwatoa watu alfajiri theluji ikiwa ngumu, na kuwataka wawe wamevuka kabla ya adhuhuri.

Kilimanjaro haurundiki theluji ya namna hiyo. Theluji yake huja zaidi katika masika na vuli, hukaa siku au wiki kadhaa, kisha huondoka. Wastani wa joto la kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, hewa ni kavu, jua ni kali, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kuwa maji kwanza. Maporomoko makubwa ya theluji, yale yanayozika vijiji vya Uswisi, si jambo la kawaida hapa.

Lakini kuna jambo moja ambalo milima yetu mirefu inalo na ile ya kaskazini haina. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, aliieleza kwamba hupata kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Kule Davos, Uswisi, jambo la kuganda na kuyeyuka lina msimu wake. Kibo lina saa zake. Usiku maji yaliyoingia kwenye nyufa za miamba yanaganda, yanavimba na kusukuma jiwe. Mchana yanayeyuka na kuliacha bila kishikilio. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Kwa hiyo theluji ya masika ina sura mbili. Ikitanda vizuri inailinda barafu, kwa sababu weupe wake unaurudisha mwanga wa jua angani. Ikianza kuisha, maji yake ndiyo yanayoingia kwenye nyufa. Na barafu ya kale iliyokuwa imeyabana mawe makubwa kwa karne nyingi ikirudi nyuma, mawe yanabaki yametundikwa mteremkoni, hayana wa kuyashika.

Asubuhi ya Western Breach

Mahali ambapo hesabu hiyo ya kuganda na kuyeyuka ilikwisha vibaya panajulikana kwa jina. Ni upande wa magharibi wa Kibo, palipobomoka ukuta wa kreta. Waongozaji wa Moshi na Arusha wanapaita Western Breach, jina la kwenye ramani.

Njia yake inaanzia kambi ya Arrow Glacier, karibu na mita 4,900, kambi iliyobaki na jina la barafu ambayo yenyewe imekwisha kabisa au inakaribia. Kutoka hapo ni kupanda tu: kokoto zinazoteleza, mapande ya mwamba wa volkano, sehemu za kushika kwa mikono. Juu ni ukingo wa kreta, kisha kambi ya Crater, karibu mita 5,700, jirani na mabaki ya barafu ya Furtwängler. Njia ya Marangu imejaa watu na ya Machame pia. Hii haijai.

Tarehe 4 Januari 2006 mawe yalianguka kutoka juu yakakuta kundi la wapandaji njiani. Wamarekani watatu walikufa. Wengine walijeruhiwa, wakiwamo wapagazi wa Kitanzania. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye kuyeyuka kwa barafu iliyokuwa imeyashikilia mawe hayo. Njia ilifungwa, ikatafutwa namna ya kuepuka sehemu mbaya zaidi, na baadaye ikafunguliwa tena.

Septemba 2015 jiwe lingine lilimuua Mmarekani mwingine kwenye upande huo huo.

> Januari na Septemba: ajali zote mbili zilitokea nje ya masika.

Msomaji aitazame miezi hiyo vizuri. Kwa mtu wa pwani, hatari ina msimu: kusi likivuma unajua, masika yakifika unajua. Mpandaji anayeambiwa "masika yamekwisha, mlima ni salama" anaambiwa nusu ya ukweli. Masika yana hatari zake kweli: njia inafunikwa na theluji, kiatu kinalowa, ukungu unaziba alama, na baridi ikichanganyika na unyevu inaua kuliko baridi kavu. Ila mawe ya Western Breach huachia pale kinachoyashikilia kinapoachia, na hilo linaweza kuwa siku nyeupe ya Septemba.

Wanaoitetea na wanaoiogopa

Wanaoitetea njia hii wana hoja, na si za kupuuzwa. Wanasema hatari inapimika. Vuka giza lingali, mawe yakiwa yamegandia mahali pake. Upande huu unatazama magharibi na jua huchelewa kuufikia. Vaa kofia ngumu. Usipumzike kwenye mikondo ambayo mawe hupitia. Chukua watu wenye mapafu na miguu ya kwenda bila kusimamasimama. Kuna kampuni zinazofuata hayo yote, na wateja wao hulala usiku mmoja ndani ya kreta, jambo ambalo wapandaji wengi wa Kilimanjaro hawatalipata maishani.

Wanaoipinga, wakiwamo waongozaji wengi walioiacha njia hiyo moja kwa moja, wanajibu kwamba jiwe halisubiri jua peke yake. Upepo unaweza kulitikisa, mtu aliye juu yako anaweza kulikanyaga, barafu iliyo mbali na macho inaweza kulitema.

Mabishano haya kwa kawaida huendeshwa kwa lugha ya mteja: amelipa, ameelezwa, amesaini karatasi, ni mtu mzima. Anayekosekana katika maelezo hayo ni mpagazi.

Kwenye njia nyingine za Kilimanjaro, usiku wa kwenda kileleni wapagazi hubaki kambini. Wanaopanda ni mteja na mwongozaji na msaidizi wake. Kambi ya mwisho, kama ile ya Barafu kwenye njia ya Machame, inakaa palepale, mahema, vyombo na chakula, mpaka watu warudi. Lakini mteja anayetaka kulala kreta anahitaji hema huko kreta. Anahitaji chakula, jiko, mtungi wa gesi, maji. Vyote hivyo vina uzito, na uzito huo unapita Western Breach juu ya kichwa na mgongo wa kijana wa Kirua au Uru au Machame.

Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003 na wenye ofisi Moshi, umepigania kwa miaka mzigo usiozidi kilo 20 na ujira usiopungua shilingi 20,000 kwa siku. Ni mafanikio, hata kama hayajamfikia kila mmoja. Ila kilo 20 zikiwa kichwani, kofia ngumu inavaliwaje? Kwenda haraka bila kusimama kunawezekanaje katika mita 5,300, hewa ikiwa karibu nusu ya ile ya Kaole? Hapa ndipo utetezi wa "saa na kofia" unapopungukiwa. Mteja amechagua hatari. Mpagazi amechagua kazi, na kukataa njia moja kunaweza kumaanisha kutoitwa safari ijayo.

Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuendelea kuvusha kambi nzima mahali hapo. Anayetaka kupita na apite mwepesi, na kulala kreta kusiwe bidhaa inayouzwa kwa njia hiyo.

Alfajiri ya Katesh

Kilimanjaro unavuta macho ya dunia kwa sababu una theluji na wageni. Poromoko lililoua Watanzania wengi zaidi katika miaka ya karibuni halikuwa na theluji wala mgeni.

Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, mvua za vuli zikiwa zimeongezwa nguvu na El Niño. Sehemu ya Mlima Hanang, wenye mita 3,420, ilimeguka. Mawe, magogo na tope vilishuka kupitia mikondo ya maji hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom miongoni mwao. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari na kurudi.

Siku za kwanza watu waliuliza kama volkano imeamka. Wataalamu wa serikali wakasema hapana: miamba iliyochakaa ilinyonya maji mengi mpaka ikashindwa kujibeba.

Uganda inalijua jambo hili kwa uchungu wa miaka. Tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Mlima Elgon ulifukia Nametsi, wilayani Bududa, na mamia ya watu walikufa au kupotea. Serikali iliwahamishia walionusurika Kiryandongo, mbali na mlima. Wengi walirudi, kwa kuwa migomba na kahawa yao ilikuwa mlimani. Oktoba 2018 Bududa ikazika tena watu wake. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli.

Mgeta, mlima wa Ruvu

Turudi kwenye lile tope linaloingia baharini kaskazini mwa Bagamoyo. Ruvu haitoki Kilimanjaro. Inatoka Uluguru, milima iliyo nyuma ya mji wa Morogoro. Maji yanayonywewa Dar es Salaam na Bagamoyo, kwa sehemu kubwa, yanatoka huko. Kabichi, maharage na njegere zinazofika Kariakoo, nyingi zimepandwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo, kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona hujiuliza mkulima anasimamaje.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takribani milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa 3. Mteremko baada ya mteremko ukaachia. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, katika mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, walifuatilia makovu yaliyobaki na kuhesabu zaidi ya maporomoko 1,000.

Kisha wakaangalia kila poromoko lilianzia wapi. Karibu yote yalianzia mashambani au kwenye majani na mashamba yaliyopumzishwa.

> Katika maporomoko zaidi ya 1,000 ya Mgeta, yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia 1.

Hilo si jambo la kupita nalo mbio. Mvua ilikuwa ile ile, udongo ule ule, mwinuko ule ule. Tofauti ilikuwa mizizi. Mti wa msituni hushona udongo wa juu na mwamba wa chini, na hunywa sehemu ya maji kabla hayajafika pale yanapoteleza. Muhogo na maharage havina mizizi ya kazi hiyo.

Ni rahisi, ukiwa pwani, kuhitimisha kwamba mkulima wa Uluguru afukuzwe mlimani. Historia inaonya dhidi ya urahisi huo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwa jina la kuhifadhi udongo. Watu waliona kazi ni nzito, mavuno hayaongezeki, na hawakuulizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa.

Ukoloni ulipita, mteremko ukabaki. Atakayetaka miti irudi Mgeta aende na hesabu ya kile mkulima atakachokula miaka mitano ya mwanzo, mti ukiwa bado fimbo. Na kama wanywaji wa maji ya Ruvu wako Dar es Salaam na Bagamoyo, haki ni kwamba nao wachangie gharama hiyo.

Onyo lenye jina la kijiji

Mei 2025 huko Uswisi, kijiji cha Blatten kilifukiwa. Barafu ya Birch, iliyokuwa imeelemewa na mawe yaliyoiangukia kutoka juu, iliporomoka yote tarehe 28 Mei na kuzika sehemu kubwa ya kijiji. Wakazi wapatao 300 walikuwa wameshaondolewa siku tisa kabla, kwa sababu wataalamu walikuwa wakiupima mwendo wa mlima na wakaona unaongezeka. Aliyekufa ni mtu mmoja.

Si haki kulinganisha mfuko wa Uswisi na wa Tanzania. Nchi ile ina taasisi ya theluji na maporomoko kule Davos iliyo kazini tangu kabla ya katikati ya karne iliyopita, na Ulaya hutumia kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi tano tangu 1993. Lakini Tanzania nayo haianzi mikono mitupu. Inayo TMA, na TMA inajua kuonya.

Ushahidi ni Kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 TMA ilikifuatilia baharini na kutoa taarifa mfululizo. Boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Tarehe 4 Mei kilipofika ukanda wa Mafia, watu walikuwa wanajua kinakuja. Kiliharibu nyumba, mvua zake zilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga, ila hakikuja bila kutangazwa.

Lugha ya TMA ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa imeshazoeleka. Inachokosa ni kushuka kutoka ngazi ya mkoa hadi mteremkoni. "Mvua kubwa mkoa wa Manyara" ni taarifa ya kweli, lakini haimwambii mtu wa Jorodom kama alale au ahame usiku huo. Kumwambia hivyo kunataka vitu ambavyo si vya kutisha kwa bei: vipima mvua vya kawaida milimani, mtu wa kusoma kila saa mvua ikizidi, ramani ya mikondo ambayo tope limewahi kupita, na namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji. Baada ya Hanang, mikondo hiyo inaonekana kwa macho.

Wakati hayo yanasubiriwa, mlima wenyewe hutoa dalili, na kila familia ya milimani inapaswa kuzijua: ufa mpya juu ya shamba, mti au nguzo iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, chemchemi inayozuka pasipokuwa na maji, na hasa mto unaopungua ghafla mvua ikiwa bado inanyesha. Mto wa namna hiyo umezibwa juu. Maji hayajaisha, yanajikusanya.

Kabla ya kupanda

Vijana wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga wanazidi kwenda Kilimanjaro, na ni jambo la kufurahisha. Kila mwaka kampeni ya Twenzetu Kileleni hupandisha makundi kuelekea 9 Desemba, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika huru kileleni. Ni wakati wa vuli, na theluji huwa haiko mbali.

Anayejiandaa kupanda, iwe Desemba au katika masika yajayo, asiishie kuuliza bei. Aiulize kampuni inapitia njia gani na kwa nini. Aulize saa ya kuondoka kambi ya mwisho, na saa ambayo mwongozaji atawageuza hata kama kilele kinaonekana. Aulize machela iko wapi, ile ya gurudumu moja ambayo imeteremsha wagonjwa wengi kutoka Barafu. Aulize mpagazi wake anabeba kilo ngapi, analipwa kiasi gani, ana koti la mvua na viatu vya theluji au anapanda na raba. Na akiambiwa kwamba safari inapita Western Breach na kulala kreta, aulize ni wapagazi wangapi watakaopita chini ya mawe yale kwa ajili ya usiku wake mmoja, kisha aamue kama bado anautaka.